Nilivyomkimbia Rwegasira kwa Kuogopa Huzuni Yake

Nakumbuka siku moja, mwanangu, niliosha mikono kwa jiki mpaka ngozi ikanitoka kama ganda la ndizi mbivu, kwa sababu tu nilikuwa nimesalimiana na jirani yangu mwenye huzuni. Usicheke bado. Subiri nimalize, halafu ucheke, halafu ukasirike pamoja nami, maana mimi hasira hii ninayo mpaka leo na sioni dalili ya kuishiwa.

Uvumi wenyewe ulikuwa huu. Mnyauko, ule ugonjwa uliokausha migomba yetu huku Muleba, eti ulikuwa umeanza kuhamia kwa watu. Unaingia kwa mikono unapong'oa mgomba mgonjwa, unapanda polepole mpaka moyoni, na hapo mtu naye anaanza kunyauka. Ananyamaza. Anaacha kula. Kichwa kinamlalia kifuani kama jani lililovunjika. Na ukitafuna naye kahawa kutoka kikapu kimoja, kesho ni zamu yako, keshokutwa ni zamu ya migomba yako. Kule Kanazi, waliniambia, kuna mtu alitafuna punje tatu tu na mgonjwa wa namna hiyo. Kuku wake wakaacha kutaga, na mbuzi wake akakataa majani akawa anatazama ukuta kutwa nzima.

Aliyeniambia alikuwa fundi baiskeli wa njia panda. Yeye aliambiwa na mtu wa Kanazi. Huyo wa Kanazi sijui aliambiwa na nani, labda na mbuzi mwenyewe. Mimi nilimeza yote. Na nilipowasimulia wengine, niliongeza ng'ombe.

Kinachoniuma zaidi ni kwamba wakati huo nilikuwa msomi. Nilikuwa kijana wa miaka arobaini na miwili, maana kwetu mtu ni kijana mpaka wajukuu waanze kumkanusha, na nilikuwa nasoma shule ya jioni. Tulisomea katika darasa la watoto. Nilikaa kwenye dawati dogo, magoti yakigusa masikio, nikijifunza habari za vijidudu na jinsi vinavyosafiri. Tena bwana shamba alikuwa amepita kijijini kutufundisha mnyauko: usikate mgomba mgonjwa kisha ukaenda kukata mzima kwa panga hilohilo, lipitishe kwanza kwenye moto au lioshe kwa jiki. Maneno ya kweli kabisa. Nikayachukua maneno hayo ya kweli, nikayatoa kwenye migomba, nikayabandika kwa binadamu. Elimu kidogo na woga mwingi, mwanangu, ndivyo nilivyokuwa.

Sasa nikuambie Rwegasira alikuwa nani. Vibanja vyetu, yaani mashamba ya migomba yanayozunguka nyumba, vilipakana. Alikuwa na sauti ambayo akicheka Muleba, wavuvi wa kisiwa cha Bumbire kule ziwani waligeuka nyuma kuona nani anawaita. Kibanja chake kilikuwa cha baba yake, na kabla ya hapo cha babu yake, na wote wawili wamezikwa humohumo katikati ya migomba. Alikitandazia nyasi kwa ustadi kiasi kwamba ungeweza kulala chini ukadhani uko kitandani. Mikungu yake ilikuwa mikubwa, mmoja ulihitaji wanaume wanne na mtu wa tano wa kuwatia moyo.

Na kila asubuhi, akishapitia migomba yake, alikuja kwangu. Hiyo ilikuwa desturi yetu kwa miaka. Mke wangu alitoa kile kikapu kidogo cha kahawa, ile ya kuchemshwa na majani ya harufu kisha ikaanikwa, tukakaa kizingitini tunatafuna na kubishana. Tulibishana juu ya mvua, juu ya watoto wa nani ni watukutu zaidi, juu ya kitu chochote. Nusu saa hivi, kisha kila mtu kwenye kazi yake. Sikujua kwamba ile nusu saa ilikuwa inatushikilia wote wawili. Nilidhani tunapoteza muda.

Mnyauko ulipoingia kwake haukubakiza. Majani yakawa ya njano, ndizi zikaiva kabla hazijakomaa, ukizikata ndani zina usaha. Bwana shamba akaja, akazunguka, akavua kofia. Akamwambia, "Mzee, hapa hatuna ujanja. Ng'oa yote, shina na mizizi, halafu usipande mgomba mpaka ardhi ipumzike."

Rwegasira aling'oa mwenyewe. Ilimchukua siku nyingi. Kwa kuwa mimi nilikuwa naogopa kukanyaga udongo wake, nilimtazama nikiwa upande wangu wa mpaka, jembe begani, kama mtu anayetazama mpira. Alipofika kwenye migomba iliyozunguka makaburi alikaa chini kwanza. Kisha akainuka akaendelea. Alipomaliza, nyumba yake ambayo miaka yote haikuonekana kutoka barabarani ilibaki wazi kabisa, kama mtu aliyevuliwa nguo sokoni.

Baada ya hapo akanyamaza.

Siku chache baadaye alikuja asubuhi kama kawaida yake. Hakuwa ameoga. Macho yalikuwa mekundu ya kukosa usingizi. Akakaa kizingitini na kuinamisha kichwa, kichwa kikalala kifuani, na mimi niliposimama pale mlangoni nikasema moyoni: huyo, tayari, fundi baiskeli hakusema uongo.

Mke wangu akatoa kikapu. Nikamnyang'anya. Nikakipeleka ndani, nikachomoa punje nne, nikaziweka juu ya kipande cha jani la mgomba, nikakisukuma kipande kile kwa fimbo mpaka karibu na miguu yake. Kwa fimbo, mwanangu! Rwegasira, ambaye alinibebea mama yangu mgongoni kumpeleka zahanati siku mto ulipofurika!

Akatazama lile jani. Akanitazama mimi. Akasema, "Leo tunakula hivi?"

Nikamwambia, "Ni mambo ya usafi tu, ndugu yangu. Tunafundishwa shuleni."

Akainuka, akanipa mkono wa kuagana, nami nikaupokea kwa ncha za vidole, akaondoka. Punje hakuzigusa. Nikakimbilia jikoni kupitisha mikono juu ya moto kama panga, nikaunguza nywele zote za vidoleni, kisha nikamalizia kwa jiki. Mke wangu alisimama pale na sufuria mkononi. Akasema, "Kama usomi ndio huu, bora ungebaki unalala jioni." Nikamwona hana elimu.

Rwegasira hakurudi tena. Na mimi nilifurahi! Nilijipongeza kwamba nimeokoa nyumba yangu, kuku wangu na mbuzi wangu. Shuleni, kabla mwalimu hajaingia, nilisimama nikawahutubia wenzangu juu ya kujikinga, nikaonyesha mikono yangu iliyobabuka kama ushahidi, na wakanipigia makofi. Watu wazima kumi na tisa, wana wajukuu, wakapiga makofi. Nikitoka nyumbani nikawa napita njia ya chini, ndefu, yenye utelezi, ili nisipite mbele ya mlango wake.

Kijiji kizima kikafanya vivyo hivyo, kila mtu na sababu yake. Wapo walioogopa kama mimi. Wapo waliosema amerogwa. Wapo waliosema ni uvivu, mwanaume gani anaangushwa na ndizi, mbona fulani alifiwa na bado analima. Hao waliosema uvivu ndio nawachukia kuliko wote, kwa sababu sisi waoga angalau tulikuwa wajinga, wao walikuwa na macho yanayoona na wakachagua kuongea vile. Kanisani jina lake lilitajwa kwenye maombi, tukasema amina kwa sauti kubwa, tukatoka tukaenda nyumbani kwa njia ya chini.

Nyumbani kwake mambo yalikuwa yanazidi kuharibika, nami sikujua kwa sababu nilijizuia kujua. Hakulala usingizi wa kueleweka. Aliamka mara saa nne asubuhi, mara saa sita mchana, kisha akarudi kulala amegeukia ukuta. Alianza kunywa gongo apate usingizi, na gongo likamwamsha na hofu. Alikula vijiko viwili akasukuma sahani. Alifikia kusema maneno ambayo mkewe, Kokugonza, alipoyasikia aliacha hata kwenda kisimani na kumwacha peke yake, akawa anamwita dada yake aje akae na mumewe kwanza. Mambo yalikuwa yamefika hapo. Mtu alikuwa anapotea hatua hamsini kutoka kwangu, na mimi nalinda mbuzi.

Basi siku moja, jua likiwa limesimama, niko kibanjani natandaza nyasi, nikamwona Kokugonza anakuja. Hakupita mlangoni wala hakubisha hodi. Alikatiza moja kwa moja kwenye mpaka, akanifuata mpaka niliposimama. Nikarudi nyuma hatua mbili. Akaja hatua tatu.

"Shemeji," akasema, "unakwenda wapi?"

"Siendi mahali. Habari za nyumbani?"

"Usiniulize habari za nyumbani. Nyumba unaiona kutoka hapa, haina hata mgomba wa kuificha. Ungetaka habari zake ungekuja."

Nikaanza kumweleza mambo ya vijidudu. Naapa, mwanangu, nilifungua mdomo nikaanza kumfundisha yule mama. Alinisikiliza kidogo, mikono kiunoni, kisha akanikatiza.

"Nimetoka zahanati. Nesi kanikalisha chini, kanieleza. Amuone daktari, na tumeshakwenda, na tutarudi. Pombe aiache. Alale saa ileile kila siku na aamke saa ileile kila siku, hata kama usingizi ulikuwa mbovu. Aoge asubuhi, atoke nje apate jua. Ale pamoja na watu. Mikono yake ipate kazi, hata ndogo. Na apate mtu wa kuongea naye. Yote hayo nimeanza. Namwamsha, namchotea maji ya kuoga, namsukuma nje kama ndama. Nimebakiza hilo la mwisho. Mimi ni mke wake, ananificha asinitie hofu. Alikuwa na mtu mmoja wa kuongea naye kila asubuhi, na mtu huyo siku hizi anapita kwenye matope."

Nikatazama chini. Viatu vyangu vilikuwa na matope ya njia ya chini mpaka kwenye vifundo.

"Kesho," akasema. "Saa moja asubuhi. Usije na maneno ya shule. Uje tu." Akageuka. Alipofika mpakani akaongeza bila kunitazama, "Na kama unaogopa, uje ukiwa unaogopa."

Nikaenda. Usidhani nilikuwa nimebadilika, hapana. Nilikwenda kwa aibu, na mfukoni nilikuwa na kichupa cha jiki. Nilikaa kwenye benchi nje, Rwegasira akatolewa akakaa ncha ya pili, na hatukusemezana neno hata moja. Nikaaga, nikazunguka nyuma ya nyumba, nikajimwagia jiki. Siku ya pili vivyo hivyo. Siku ya tatu alisema, "Mvua imechelewa," na mimi, kwa furaha, nikambishia, nikasema haijachelewa hata kidogo, ingawa ilikuwa imechelewa na kila mtu alijua. Akanitazama kidogo. Kesho yake akanisubiri na ushahidi.

Kwa kuwa ardhi ilikuwa haijaruhusiwa migomba, nikamwambia tuweke maharage. Tukaanza na kipande kidogo, hakizidi mkeka wa kulalia. Siku nyingine alilima mistari miwili akaketi. Siku nyingine hakutoka kabisa, nami nilikaa kwenye benchi peke yangu nikaongea na dirisha. Kokugonza akawa anatuletea uji, vikombe vitatu, tunakunywa wote. Tulipokuwa tunapalilia karibu na makaburi ndipo akaniambia habari ya babu yake, jinsi alivyomwonyesha kila mgomba kwa jina, na kwamba alipoung'oa wa mwisho alijisikia kama anamfukua yule mzee. Alilia. Mimi nililia pia, na ninakuhakikishia machozi yangu yangetosha kumwagilia Kagera yote.

Bado nikaenda nyuma ya nyumba kunawa jiki. Ndivyo ujinga ulivyo mgumu! Mtu amelia kifuani kwako na wewe unakwenda kusugua vidole!

Siku hiyo alinifuata. Akanikuta nimechuchumaa, kichupa mkononi. Akauliza ninafanya nini, na kwa mara ya kwanza sikuweza kutunga. Nikamwambia yote: fundi baiskeli, mtu wa Kanazi, kuku, mbuzi, kahawa. Alicheka. Alicheka kile kicheko chake cha zamani, akashika ukuta, Kokugonza akatoka mbio akidhani kuna jambo. Kisha akafuta macho, akaniambia maneno machache. Nitakupa maneno hayo mwishoni kwa sababu nataka uondoke nayo. Kwanza nimwage yangu.

Nina hasira, mwanangu, kwa sababu naona mnafanya hayohayo na simu mkononi. Mwenzako anaandika kwenye kundi kwamba amechoka na maisha, watu arobaini wanamtumia picha ya waridi na "pole sana," na hakuna hata mmoja anayefunga viatu aende. Hiyo ni njia ya chini! Ni njia ya chini isiyo na matope tu! Halafu wewe mwenyewe unakesha na hiyo taa usoni mpaka jogoo awike, unaamka na kiu ya ugomvi, unakula umesimama, unamaliza wiki bila kumtazama mtu machoni, kisha unashangaa moyo mzito umetoka wapi.

Moyo unatunzwa kama kibanja. Hakuna anayepiga ngoma kwa sababu leo umetandaza nyasi, lakini ukiacha mwaka mzima kila mtu ataona. Lala mapema, simu iwe chumba kingine. Ukiamka oga, hata kama huna pa kwenda, hasa kama huna pa kwenda. Toka upigwe na jua, tembea. Shika jembe, shika sindano, shika chochote ambacho jioni utakiona kimebadilika. Usinywe pombe ili ulale, pombe si kitanda. Kula na watu. Ukiwa na jambo mwambie mtu mmoja kabla halijakuwa kubwa kuliko wewe, na ukiona siku zinapita na halipungui, nenda zahanati kama vile ungekwenda kwa malaria, kwa mguu ulionyooka, na atakayekucheka mlete kwangu. Na uwe na mtu wa asubuhi. Nusu saa. Bishaneni juu ya mvua.

Na wewe mwenye nguvu leo, usingoje kuelewa ndipo uende. Mimi nilikwenda bila kuelewa chochote, mfukoni nina dawa ya kufulia, na bado kukaa kwangu pale kulifaa kitu. Rwegasira mpaka leo ana asubuhi nzito. Zinakuja, zinapita. Anakwenda kumwona daktari wake, na amepanda tena migomba, machipukizi safi aliyoyachagua mwenyewe, na anasema yangu ni mibovu.

Mungu akupe usingizi unaokuja bila kuitwa. Akupe hamu ya chakula na mtu wa kukila naye. Akupe jirani mwenye miguu myepesi, na wewe akufanye jirani wa namna hiyo. Ukianguka usikose mkono, na mkono usikose ujasiri.

Haya, maneno ya Rwegasira ndiyo haya. Aliyasema taratibu, bila kunigombeza, akiwa amekwisha kukaa chini kando yangu kwenye nyasi:

"Msomi, migomba yangu ndiyo iliyougua. Mimi nilihuzunika tu. Mgomba mgonjwa unakaa nao mbali. Mimi nilitaka ukae karibu."